Kisogo Kinachouma kwa Kikohozi: Kuijua Hitilafu ya Chiari

Wakazi wengi wa Kisii na Nyamira wakiumwa na kichwa hununua dawa ya maumivu dukani, na mara nyingi hiyo hutosha. Lakini yako maumivu ambayo dawa hizo haziyamalizi. Huanzia kisogoni, hushuka shingoni, na huja ghafla mtu anapokohoa, kupiga chafya, kucheka sana au kuinua mkungu wa ndizi. Hupoa baada ya muda mfupi, kisha hurudi na kikohozi kingine. Hiyo ni mojawapo ya dalili kuu za hitilafu ya Chiari.

Jina hilo linatokana na Hans Chiari, daktari wa Austria aliyeieleza mwaka wa 1891. Sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma huteremka kupitia tundu lililo chini ya fuvu, pale ubongo unapoungana na ugwe wa mgongo. Kwa kawaida ikishuka milimita 5 au zaidi, madaktari huiita Chiari ya aina ya kwanza. Tundu likisongamana, maji yanayouzunguka ubongo hayapiti vizuri. Haiambukizi, wala si laana ya ukoo.

Hatari kubwa ni maji hayo kujikusanya ndani ya ugwe wa mgongo na kuharibu neva polepole. Mtu hushika sufuria ya moto asihisi joto, akaja kuona lengelenge baadaye. Mchuma chai huona vidole vikilegea, na kufunga vifungo vya shati kunakuwa kazi. Wengine huyumba wakitembea, hupaliwa na chakula, au hukatika pumzi usingizini. Kwa mtoto, mgongo unaweza kupinda upande. Ganzi ikikaa muda mrefu huenda isiondoke hata baada ya upasuaji, ndiyo maana kuchelewa kuna gharama.

Na kuchelewa ni rahisi, kwa kuwa dalili hizi hufanana na za kipandauso au maradhi ya shingo. Anayefika zahanati akisema tu "kichwa kinauma" atapewa dawa ya kichwa. Akisema "kisogo kinauma nikikohoa, na mkono huu una ganzi," mhudumu ana sababu ya kupima neva na kuandika rufaa. Eksirei ya kichwa haiuonyeshi ubongo, na CT inaweza kuikosa hitilafu hii. Kipimo kinachoithibitisha ni MRI.

Abagusii wana historia ndefu ya kutibu vichwa. Ababari, waganga wa jadi wanaofungua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu, wamejulikana mbali. Daktari Edward Margetts, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliandika kuwahusu. Kazi yao hasa ilikuwa maumivu yanayofuata jeraha la kichwa. Chiari iko chini kabisa kisogoni, karibu na neva za kupumua na kumeza. Kukwangua utosi hakuifikii, na kunaweza kuleta maambukizi.

Si kila mwenye Chiari hufanyiwa upasuaji. Asiye na dalili hufuatiliwa tu. Dalili zikizidi, daktari wa upasuaji wa ubongo huondoa kipande kidogo cha mfupa wa kisogo ili kupanua nafasi. Upasuaji wa ubongo hufanywa katika hospitali kama Kenyatta, Nairobi, Moi, Eldoret, na AIC Kijabe. Safari huanzia zahanati, kisha hospitali ya kaunti ndogo, halafu Hospitali ya Rufaa ya Nyamira au ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Mgonjwa abebe barua ya rufaa na picha zote za awali, asije akalipia kipimo mara mbili. Usajili wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hufanywa kwa *147#. Gharama ya MRI inayolipwa iulizwe kabla ya kipimo.

Chiari ya aina ya pili huandamana na mgongo wazi kwa watoto, na mara nyingi kichwa hujaa maji. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitalini siku anayozaliwa. Uti hufungika ndani ya siku 28 za mwanzo wa mimba, kabla wengi hawajajua wana mimba, kwa hiyo mwanamke anayetarajia kushika mimba anashauriwa kuanza mapema kumeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku. Unga wa mahindi wa pakiti huongezwa foliki kisheria. Ule unaosagwa kwenye posho mill ya kijijini kwa kawaida hauna.