Vidonge vya Vitamini na Maradhi ya Uloto



Swali la mwezi huu huulizwa mara nyingi na wazazi: je, mtu aliyeambiwa kuwa uloto wake haufanyi kazi vizuri aweza kuponywa na vidonge vya vitamini? Ni swali la haki. Katika magulio ya Shinyanga na kwenye machimbo ya Geita na Kahama hukosi muuzaji mwenye chupa ya dawa ya "kuongeza damu", na mzazi mwenye mtoto aliyepauka hununua upesi, kwa kuwa anampenda mwanawe.

Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni kile kitu laini kilichomo ndani ya mifupa. Wafugaji twaujua sana tunapopasua mfupa wa supu. Humo ndimo zinamotengenezwa chembe nyekundu za damu, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapojikata. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Ili kuziba pengo, uloto wa mtu mzima hutoa chembe mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde. Kiwanda cha namna hiyo chahitaji malighafi: madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini B12.

Uloto wenye njaa

Asidi ya foliki au vitamini B12 ikikosekana, uloto hutoa chembe chache, kubwa kupita kiasi na zisizokomaa. Daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda India mwaka 1928 kuchunguza wanawake wajawazito waliokuwa wakidhoofika kwa upungufu wa damu wa aina hii. Mwaka 1931 alieleza kwamba aliwaponya kwa dondoo ya hamira. Kitu kilichokuwa kikiponya ndani yake ndicho tunachokiita leo asidi ya foliki. Kwa ugonjwa huu, basi, jibu ni ndiyo: vitamini ndiyo dawa yenyewe, na mgonjwa huanza kupata nafuu mapema.

Foliki imo katika majani mabichi ya kunde na mgagani, katika maharage, karanga na maini. Lakini huharibika kwa jua na kwa kuchemshwa muda mrefu. Kwa hiyo nsansa zetu, pamoja na utamu wake, haziwezi kuhesabiwa sawa na mboga iliyochumwa leo. Nyumba inayokula michembe na nsansa peke yake mwishoni mwa kiangazi iongeze kunde na karanga. B12 haimo katika mboga. Hutoka kwa wanyama, yaani nyama, maziwa, mayai, samaki na dagaa. Mtu aliyepungukiwa B12 akimeza foliki tupu, damu yake yaweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, akaanza kuhisi ganzi miguuni. Damu imepona, miguu inakufa! Ndiyo maana kununua kwa kubahatisha si jambo dogo.

Uloto unaochoshwa

Kanda yetu ina habari nyingine kubwa zaidi, nayo ni selimundu. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa mtoto mmoja hivi katika kila watano amerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia ana ugonjwa wenyewe, maana amerithi kwa baba na kwa mama. Kwa mtoto huyo chembe nyekundu hupinda kama mundu na kufa baada ya siku 10 hadi 20. Uloto wake hufanya kazi mara nyingi zaidi ya ule wa jirani yake na kumaliza akiba ya foliki. Kidonge cha foliki anachopewa kliniki kinausaidia uloto usikwame, lakini hakigeuzi umbo la chembe hata moja.

Mzazi anayedhani kidonge hicho ndicho tiba ataacha yale yanayookoa maisha: penisilini ya kila siku utotoni, kinga ya malaria, na haidroksiyurea, dawa inayoufanya uloto utoe damu yenye asili ya ile ya mtoto mchanga, isiyopinda kirahisi. Majaribio yaliyofanywa Uganda, Kenya, Kongo na Angola, na kutangazwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo.

Pale vitamini inapodhuru

Wengi husema, "Hata isiposaidia, haiwezi kudhuru." La, ndugu zangu. Mwaka 1948 huko Boston, Marekani, daktari Sidney Farber alitangaza matokeo ya kazi yake kwa watoto wenye saratani ya damu, ambayo huanzia katika uloto. Ilikuwa imeonekana kwamba foliki iliichochea saratani badala ya kuizuia. Akageuza njia, akawapa dawa inayoinyima saratani foliki, na baadhi yao wakapata nafuu ya muda. Methotreksati, dawa ya ukoo huo, inatumika hadi leo.

Karibu na kwetu, kisiwani Pemba, watoto wadogo walipewa madini ya chuma pamoja na foliki bila kupimwa kwanza kama wamepungukiwa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 2003, kwa kuwa walioyapata walilazwa au kufa zaidi kuliko wenzao, malaria ilihusika. Waliokuwa na upungufu wa kweli walifaidika. Mtoto wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi huwa tayari na chuma kingi mwilini, naye asipewe bila kupimwa.

Wachimbaji nao wasikie: petroli ina benzini, ambayo huua uloto au kuugeuza kuwa saratani. Kuivuta kwa mdomo kwenye mpira ili kujaza pampu ya kutolea maji shimoni ni hatari, na hakuna vitamini ya kufuta madhara yake.

Tufanyeje?

Kabla ya chupa, kipimo. Hospitali ina kipimo kinachohesabu chembe za aina zote tatu, na selimundu hupimwa kwa damu kidogo tu. Mtoto aliyepauka ghafla, anayetoka damu kwenye fizi, mwenye madoa mekundu ya ngozi au homa isiyokoma, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wanaohitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa, na wengi wa kanda hii hufika Bugando, Mwanza.

Mama mjamzito anayemeza foliki ya miligramu 5 amweleze mhudumu wa kliniki kabla ya kumeza SP ya kuzuia malaria. SP huua vijidudu kwa kuvinyima foliki, na kipimo kikubwa namna hiyo huvirudishia. Kile cha kawaida cha wajawazito, miligramu 0.4, hakina shida hiyo. Asiache mwenyewe, kliniki ndiyo itakayompangia.