Kuingiza Umeme katika Kasha la Kujitengenezea

Umeme wa gridi umeenea katika vijiji vingi vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hasa baada ya Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, kuanza kazi mwaka 2007. Kabla ya hapo vyombo vingi vya vijijini viliendeshwa kwa betri kavu, kwa betri za gari, na baadaye kwa paneli za jua. Betri ya volti 12 humsamehe fundi makosa mengi: waya ukigusa bati, cheche hutoka, fyuzi huungua, na kazi huanza upya. Umeme wa volti 230 hausamehi hivyo. Kosa lile lile dogo laweza kuligeuza bati zima la chombo kuwa waya wenye umeme, nao mkono wa kwanza kuligusa waweza kuwa wa mtoto.

Katika miji na vituo vya biashara, kama vile Sirari, Nyamongo na Mugumu, mafundi wa redio na wanafunzi wenye bidii hutengeneza amplifaya, vichajio vya betri na vyombo vya kugawa umeme. Makasha yake huwa ya mbao, ya bati, au ya chombo kingine kilichokufa. Mara nyingi saketi ya ndani huwa nzuri, bali mahali umeme unapoingilia hupuuzwa: waya hupitishwa katika tundu lililotobolewa kwa msumari, ukafungwa fundo kwa ndani, basi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuujenga mlango huo wa umeme ipasavyo, na sababu za kila hatua.

Kanuni ya dume na jike

Viunganishi vya umeme huwa vya namna mbili: dume, chenye pini zinazochomoza, na jike, chenye matundu. Kanuni ni moja tu: upande unaoleta umeme lazima uwe jike. Soketi ya ukutani ni jike kwa sababu umeme umo ndani yake wakati wote, na pini zilizo wazi zingemdhuru mtu. Kwa sababu hiyo hiyo, kiingizio kinachofungwa katika kasha ni dume, na ncha ya waya inayochomekwa humo ni jike. Waya ukichomoka upande wa chombo, matundu yake yanabaki na umeme, lakini hakuna pini ya kuguswa.

Waya wenye plagi dume pande zote mbili, ambao baadhi ya watu huutumia kuingiza umeme wa jenereta katika soketi ya nyumba, unavunja kanuni hii waziwazi. Upande mmoja ukichomekwa, pini za upande wa pili huwa na umeme hewani. Waya wa namna hiyo usitengenezwe kamwe, hata kwa jaribio la dakika moja.

Kosa jingine linajulikana na kila mwalimu. Soketi za pini tatu bapa zinazotumika Tanzania, na ng'ambo ya mpaka wa Sirari nchini Kenya, zina vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na pini ndefu ya ardhi. Mtu mwenye plagi ya pini mbili za duara huchomeka kijiti au kalamu katika tundu la ardhi ili vifuniko vifunguke. Kwa tendo hilo hupoteza vitu viwili kwa pamoja: kinga ya vifuniko, na fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya pini tatu.

Kuchagua kiingizio

Kiingizio kinachofaa zaidi ni kile cha pini tatu kinachoonekana nyuma ya kompyuta za mezani. Umbo lake limewekwa katika viwango vya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, ambamo hujulikana kwa alama C14, na kimekusudiwa mkondo usiozidi ampea 10. Waya wake hupatikana kwa urahisi, na kiingizio chenyewe chaweza kutolewa katika kompyuta iliyoharibika, mradi plastiki yake haina ufa wala dalili ya kuungua. Kile kidogo chenye umbo la tarakimu nane hakifai kwa kasha la bati, maana hakina pini ya ardhi.

Vipo viingizio vyenye nafasi ya fyuzi ndani yake, na vingine vina swichi pia. Fundi mwenye uwezo na achague hivyo. Faida yake itaonekana katika hesabu iliyo hapa chini.

Kukata tundu

Kiingizio kifungwe ubavu wa nyuma wa kasha, mbali na soketi za spika na za maikrofoni, na mbali na sehemu zinazopata moto. Bati liwe na unene wa milimita moja au zaidi, kwa kuwa waya ukichomekwa na kuchomolewa kila siku, bati jembamba hupinda na skrubu hulegea.

Tundu la kiingizio cha skrubu mbili huwa na upana wa karibu milimita 28 na kimo cha karibu milimita 20, na umbali kati ya skrubu hizo ni milimita 40. Hata hivyo vipimo hutofautiana kidogo, basi kiingizio chenyewe kipimwe kwanza. Kazi ifuate utaratibu huu:

1. Mchoro wa tundu uchorwe juu ya karatasi ngumu, ukatwe, na ujaribiwe kwa kiingizio chenyewe.

2. Mchoro uhamishiwe kwenye bati kwa ncha ya msumari.

3. Matundu ya keekee yatobolewe katika pembe, ndani ya mstari, kisha bati likatwe kwa msumeno mwembamba.

4. Kingo zilainishwe kwa tupa mpaka kidole kisikwaruzwe.

5. Unga wa chuma ufutwe wote kabla ya kufunga kitu chochote. Chembe moja iliyosahaulika yaweza kuunganisha pini na bati.

Kwa ndani, kati ya pini zenye umeme na bati, kuwe na nafasi isiyopungua milimita 6. Kila kiungo kilichotiwa lehemu kifunikwe kwa mrija wa kihami. Kabla ya kutiwa lehemu, waya upitishwe katika tundu la pini na kukunjwa ushike wenyewe. Lehemu ni ya kupitisha umeme, si ya kubeba uzito.

Waya wa ardhi

Waya wa rangi ya kahawia ndio wenye umeme, nao huitwa laivu. Wa buluu ni nyutro. Wa kijani na njano ni wa ardhi. Katika nyaya za zamani rangi zilikuwa nyekundu, nyeusi na kijani kwa mpangilio huo huo. Nyuma ya kiingizio huandikwa herufi L na N, pamoja na alama ya ardhi.

Waya wa ardhi utoke kwenye pini ya kiingizio moja kwa moja hadi kwenye boliti yake pekee katika bati. Rangi ya bati ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kisha viwekwe kishikio cha waya, washa yenye meno na nati. Boliti hiyo isiwe ile inayoshika transfoma, maana siku transfoma itakapobadilishwa, fundi aweza kuisahau ardhi. Waya huu uwe mrefu kidogo kuliko ile mingine miwili, ili kikitokea kishindo cha kuvuta, uwe wa mwisho kukatika.

Kasha la mbao halimwondolei fundi wajibu huu. Kiini cha transfoma, skrubu zinazotokeza nje na mhimili wa kitufe cha sauti ni vyuma vinavyoweza kuguswa, navyo viunganishwe na ardhi.

Fyuzi na swichi

Chukua mfano wa amplifaya yenye transfoma ya volti-ampea 60. Mkondo wake upande wa volti 230 ni:

60 ÷ 230 = ampea 0.26

Fyuzi ya ndani ya ampea 0.5, ya namna inayokawia kuungua, inatosha. Ile inayowahi kuungua haifai, kwa sababu transfoma huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo inapowashwa. Fyuzi iwe katika waya wa laivu. Endapo kishika fyuzi ni cha kufungua kwa nje, laivu iunganishwe na ncha ya ndani kabisa, ili mtu anayebadilisha fyuzi asiguse umeme. Swichi ikate laivu na nyutro kwa pamoja, kwa kuwa si nyumba zote ambamo nyaya hizo zimepangwa sawasawa.

Katika plagi ya ukutani iwekwe fyuzi ya ampea 3, wala si ya 13. Watu wengi huona jambo hili dogo. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwamba si dogo.

Udongo nao ni sehemu ya saketi

Tuseme waya wa laivu umechomoka na kugusa bati. Mkondo utapita katika waya wa ardhi, ukaingia katika fimbo ya shaba au chuma iliyopigiliwa nje ya nyumba, ukapita udongoni na kurudi kwenye transfoma ya mtaani. Ukubwa wa mkondo unategemea ukinzani wa njia hiyo yote.

Katika nyanda za juu za Tarime, palipo na migomba na kahawa, udongo hukaa na unyevu kwa muda mrefu. Kadiri mtu anavyoelekea kusini-mashariki, hata kufikia mbuga za Ikoma wilayani Serengeti, mvua hupungua, na wakati wa kiangazi udongo hukauka. Udongo mkavu una ukinzani mkubwa kuliko wenye unyevu. Kwa mfano wa hesabu, njia ya kwanza iwe na ukinzani wa omu 20, na ya pili omu 100:

230 ÷ 20 = ampea 11.5

230 ÷ 100 = ampea 2.3

Katika hali ya kwanza, fyuzi ya ampea 3 itaungua upesi na hatari itakwisha. Fyuzi ya ampea 13 haitaungua, na bati litaendelea kuwa na umeme. Katika hali ya pili, hata fyuzi ya ampea 3 haitaungua. Fyuzi ya ndani ya ampea 0.5 ingeungua, lakini kwa sharti kwamba kosa limetokea baada yake. Kipande cha waya kilicho kati ya kiingizio na fyuzi hiyo hakilindwi nayo. Hii ndiyo faida ya kiingizio chenye fyuzi ndani yake: kipande hicho hakipo kabisa.

Na mtu je? Mwili wenye ukinzani wa omu 1500 ukigusa bati lenye volti 230 hupitisha:

230 ÷ 1500 = ampea 0.15, yaani miliampea 150

Miliampea 10 tu zaweza kukaza misuli mtu asiweze kuachia. Zikizidi 30 na kuendelea kupita, moyo waweza kuvurugika na kusimama. Hakuna fyuzi kati ya zilizotajwa hapa inayoungua kwa mkondo mdogo kiasi hicho. Fyuzi hulinda waya na nyumba. Mwili hulindwa na ardhi nzuri, pamoja na swichi ya mvujo. Swichi hii hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifikia miliampea 30 hukata umeme mara moja. Nyumba na maabara zilizo mahali pakavu zinaihitaji zaidi kuliko nyingine.

Kupima kabla ya kuwasha

Vipimo vinne vifanyike, vitatu vya kwanza waya ukiwa haujachomekwa ukutani, na swichi ya chombo ikiwa imewashwa:

1. Kati ya pini ya ardhi na kila chuma kinachogusika: mita isome chini ya omu 0.5.

2. Kati ya laivu na bati, kisha kati ya nyutro na bati: mita isionyeshe njia yoyote.

3. Kati ya laivu na nyutro: kwa transfoma ndogo, makumi ya omu. Ikisoma karibu na sifuri, pana kosa.

4. Chombo kiwashwe kwa mara ya kwanza kikiwa na balbu ya uzi ya wati 60 katika njia ya laivu. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, umeme uzimwe. Balbu za LED hazifai kwa jaribio hili.

Yafaa ikumbukwe kwamba mita ya kawaida hupima kwa volti chache za betri yake. Kihami kilichochubuka chaweza kuonekana kizima kwa volti 9, kisha kikashindwa kwa 230. Kwa hiyo chombo kitakachotumiwa na watu wengi, kama amplifaya ya shule, kipimwe na fundi umeme mwenye mita ya kihami ya volti 500.

Shuleni, wanafunzi waweza kufanya kazi zote za kukata, kufunga na kupima bila umeme. Kuchomeka kwa mara ya kwanza kufanywe na mwalimu, mikono ikiwa mikavu na swichi kuu ikiwa karibu. Kasha likipita vipimo vyote lifungwe kwa skrubu, si kwa gundi wala mpira, ili asiwepo wa kulifungua bila kukusudia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kiingizio cha kasha ni dume, hali soketi ya ukutani ni jike?

2. Kichajio cha betri kina transfoma ya volti-ampea 150. Tafuta mkondo wake upande wa volti 230, kisha eleza kwa nini fyuzi ya ndani ya ampea 0.5 haiifai.

3. Njia ya ardhi ya nyumba moja ina ukinzani wa omu 50. Laivu ikigusa bati, je, fyuzi ya ampea 3 iliyomo katika plagi itapitiwa na mkondo unaozidi kiwango chake? Na ile ya ampea 13 je?

4. Fimbo ya ardhi ya maabara ilipimwa mwezi wa Aprili wakati wa mvua ikaonekana njema. Toa sababu ya kuipima tena mwezi wa Agosti.