Wimbo wa Wageni, Lugha ya Wenyeji

Wanafunzi wetu, hamjambo? Na nyinyi wazazi, hamjambo nyote? Kama jibu lililokujia mdomoni ni "Jambo!", basi somo la wiki hii ni lako hasa.

Leo tunasoma wimbo ambao watoto wengi wa Kingsview Village wameusikia kabla ya kufika Mombasa au Dar es Salaam: harusini, kwenye sherehe za shule, kwenye simu ya mama. Hata mtu asiyejua neno lingine lolote la Kiswahili anaweza kuuimba. Jina lake ni "Jambo Bwana". Tutaangalia ulivyotungwa, ulikofika, na maneno yake yanatufundisha nini.

Ulivyotungwa

Mombasa kulikuwa na bendi ya ndugu wa familia ya Harrison, ikiitwa Them Mushrooms. Baadaye ilijulikana pia kwa jina la Kiswahili, Uyoga. Vyombo vyao vilikuwa vile vile vya bendi za roki: magitaa ya umeme, besi, kinanda na drams. Lakini walipiga rege, na walipiga chakacha, ngoma ya akina mama wa pwani inayochezwa harusini.

Bendi ilipata riziki kwa kupiga muziki katika hoteli za ufukweni, mbele ya watalii. Kiongozi wao, Teddy Kalanda Harrison, akatunga wimbo wa maneno ambayo mgeni huyahitaji siku ya kwanza: salamu, kujuliana hali, makaribisho, na neno la kumtoa wasiwasi. Ulitoka mwaka 1982. Nchini Kenya ziliuzwa nakala zaidi ya 200,000.

Usidhani kutunga wimbo mwepesi ni kazi nyepesi. Maneno ni machache na yanarudiwa. Mstari mmoja unauliza, mwingine unajibu, kama watu wawili waliokutana njiani. Mgeni akiusikia mara mbili, mara ya tatu anaitikia. Ni somo la kwanza la Kiswahili lililofungwa ndani ya muziki, na mwalimu wake ni Teddy Kalanda. Jina hilo lishike, kwa sababu wengi wanaouimba hawalijui.

Ulikofika

Mwaka 1983 kundi la Boney M. la Ujerumani lilitoa toleo lake. Bendi nyingine za Kenya, kama Safari Sound Band na Mombasa Roots, nazo ziliurekodi. Hapa hapa Toronto yupo mpiga gitaa Adam Solomon, mzaliwa wa Mombasa, ambaye naye ameuimba. Mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa African Guitar Summit walioshinda tuzo ya Juno.

Mwaka 1994 ikatoka filamu ya *The Lion King*, yenye wimbo "Hakuna Matata" uliotungwa na Elton John na Tim Rice. Huo ni wimbo mwingine kabisa, msiuchanganye na huu. Kampuni ya Disney iliyatumia maneno hayo mawili kama alama ya biashara ya nguo, na mwaka 2003 ikapata usajili Marekani. Mwaka 2018 mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alianzisha ombi la kupinga, na watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi. Sheria ile haimzuii mtu kuyasema wala kuyaimba maneno hayo. Inahusu biashara ya nguo. Hata hivyo, wengi waliuliza: maneno wanayoyasema mamilioni ya watu yanawezaje kuwa mali ya kampuni moja?

Maneno yake

*Jambo* ni nomino. Maana yake ni habari, kitu, shauri. Wingi wake ni *mambo*. Salamu yenyewe ni *hujambo*, yaani "huna jambo", hakuna baya lililokupata. Anayejibu husema *sijambo*, "sina jambo". Tazama inavyobadilika:

- mimi sijambo, sisi hatujambo
- wewe hujambo, nyinyi hamjambo
- yeye hajambo, wao hawajambo

Mwenyeji akimwambia mtu "Jambo!" tu, mara nyingi amemhesabu kuwa mgeni, akamrahisishia.

*Hakuna* ni ukanusho wa *kuna*. *Matata* ni shida, fujo, mambo yaliyofungamana kama uzi. Linatokana na *tata*, kama ilivyo *tatiza*, *tatizo* na *utata*. Kwa hiyo "hakuna matata" ni Kiswahili sahihi. Lakini sikiliza watu wazima nyumbani: utasikia zaidi "hakuna shida", "hamna neno" au "usijali".

*Bwana* humheshimu mwanamume, lakini marafiki nao hulitumia kusisitiza: "Njoo bwana, tunachelewa!"

Barazani na ndani

Nyumba nyingi za zamani za pwani zina baraza mbele. Mgeni hukaribishwa pale, akapewa kahawa, akazungumza. Wa nyumbani hupita akaingia ndani. "Jambo Bwana" ni baraza nzuri sana, na hatuna sababu ya kuionea haya. Ilijengwa kwa ajili ya wageni, na imewakaribisha watu wa dunia nzima.

Hofu yetu ni nyingine. Mtoto wetu anaweza kukua katika maghorofa ya Dixon Road akabaki na Kiswahili cha barazani tu: salamu moja, neno moja la filamu, basi. Siku bibi atakapopiga simu, mazungumzo yataishia pale pale. Hamtaki kumwambia "Jambo". Mnataka kumwambia "Shikamoo bibi", mngojee "Marahaba", kisha mumuulize magoti yanaendeleaje, na muelewe jibu lake.

Kazi ya nyumbani

1. Mpigie simu babu, bibi, shangazi au mjomba. Msalimie kwa salamu ya kwenu, kisha uliza maswali mawili baada ya salamu. Andika majibu.
2. Muulize mzazi wako: nyumbani kwenu mtu akitaka kusema hakuna tatizo, husemaje? Lete usemi mmoja darasani. Wa Lamu, wa Tanga na wa Bukavu hawatasema sawa, na tunawataka wote.
3. Tunga mistari minne ya kuuliza na kujibu, ya kumkaribisha mwanafunzi mpya. Tumia *hujambo*, *karibu* na *usijali*.

Wazazi, kazi ya pili haifanyiki bila nyinyi. Msimpe mtoto jibu kwa Kiingereza.