Hamira nyekundu na hamira za mafuta: je, mfugaji wa kuku wa mayai anazihitaji?

Somo la leo limetokana na swali ambalo vijana wanaofuga kuku wa mayai wananiuliza sana nikipita mabandani: "Afisa, kuna unga wa hamira nyekundu, ukichanganya kwenye chakula kiini kinakuwa na rangi kali kama cha yai la kienyeji. Ni kweli, au tunapigwa?"

Jibu fupi ni hili. Hamira inayotengeneza rangi ipo kweli, na nyingine inatengeneza mafuta. Zote zinatumika kibiashara duniani. Lakini siyo kila unga mwekundu ni hamira, siyo kila hamira inatoa rangi, na hata ile ya kweli inaweza kukula faida yako yote usipopiga hesabu kwanza. Twende hatua kwa hatua.

HAMIRA NI NINI HASA?

Hamira ni kiumbe hai kidogo sana cha jamii ya kuvu. Kwenye vitabu utakuta inaitwa pia chachu. Ile tunayoumulia maandazi ni aina moja tu, Saccharomyces cerevisiae. Kazi yake ni kula sukari na kutoa gesi na pombe. Haina rangi ya maana na haitunzi mafuta mengi. Kwa hiyo yule anayekwambia mwaga pakiti ya hamira ya dukani kwenye chakula cha kuku ili kiini kiwe cha njano, anakupotezea hela.

Aina za hamira zinazojulikana ni zaidi ya elfu moja. Ndani ya kundi hilo kubwa kuna chache zenye vipaji viwili tunavyovizungumzia leo.

HAMIRA ZA RANGI

Maarufu kuliko zote inaitwa Phaffia rhodozyma. Jina limetokana na mwanasayansi Herman Phaff wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 aliikuta kwenye utomvu unaovuja kwenye miti ya nchi za baridi, huko Japani na Alaska. Hamira hii inatengeneza rangi nyekundu ya waridi inayoitwa astazantini. Ndiyo rangi ileile unayoiona kwenye kamba aliyepikwa na kwenye nyama ya samaki aina ya samoni.

Sasa elewa jambo moja la msingi. Kuku na samaki hawawezi kujitengenezea rangi za kundi hili, ambazo kitaalamu zinaitwa karotenoidi. Lazima wazile. Samoni wa baharini anazipata kwa kula viumbe wadogo wenye rangi hiyo. Samoni anayefugwa kwenye kizimba, usipomwekea rangi kwenye chakula nyama yake inatoka ya kijivu, na mteja haitaki. Ndiyo maana wafugaji wa samoni na trauti ndio wateja wakubwa wa astazantini. Marekani iliruhusu Phaffia kwenye chakula cha samaki hao mwaka 2000, kwa sharti kwamba hamira yenyewe iwe na astazantini isiyopungua asilimia 0.4. Ikumbuke hiyo namba, tutaitumia kwenye hesabu.

Kundi la pili ni Rhodotorula. Hizi zinatoa rangi ya machungwa hadi nyekundu, ikiwemo beta-karotini ileile ya kwenye karoti. Baadhi yake zina vipaji vyote viwili, yaani zinatengeneza rangi na mafuta kwa pamoja.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wauzaji wengi hawakisemi. Rangi imefungiwa ndani ya ukuta mgumu wa hamira. Tangu miaka ya 1970 majaribio kwa samaki na kuku yalionyesha kwamba hamira isiyopasuliwa inapita tumboni na kutoka na rangi yake, kama vile punje nzima ya mtama inavyotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe. Bidhaa nzuri lazima iwe imepasuliwa ukuta kiwandani.

HAMIRA ZA MAFUTA

Hamira ikiweza kutunza mafuta zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, wataalamu wanaiita hamira ya mafuta. Mifano ni Yarrowia lipolytica, Lipomyces starkeyi na Rhodotorula toruloides. Zikitunzwa vizuri, baadhi zinavuka nusu ya uzito wao kuwa mafuta matupu.

Zinanenepaje? Hapa mfugaji ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa maabara. Kuku wa nyama ukimlisha mahindi matupu bila soya wala dagaa, anapata nguvu nyingi lakini protini haitoshi kujenga nyama, kwa hiyo anajaza mafuta. Hamira ni hivyohivyo. Inapewa sukari nyingi, na naitrojeni inaachwa iishe. Bila naitrojeni haiwezi kutengeneza protini wala kuongezeka idadi, lakini sukari bado ipo mezani. Inaendelea kula na ile ziada inaigeuza mafuta.

Je, mafuta haya yanaweza kushindana na alizeti yako? Kwa sasa hapana. Hata kwenye kiwanda kizuri, kilo moja ya mafuta inakula karibu kilo 5 za sukari. Molasi ina sukari karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo hapo ni kama kilo 10 za molasi kwa kilo moja ya mafuta. Bado hujalipia umeme wa kupuliza hewa, kupoza tangi na kukamua. Mkulima wa Singida anayepeleka alizeti kwenye mashine ya kukamua yuko mbele sana kwa gharama.

Kwa hiyo hamira za mafuta zinafaa pale ambapo mafuta yenyewe ni ya bei kubwa. Mfano mzuri ni kampuni ya DuPont ya Marekani, iliyobadilisha vinasaba vya Yarrowia ili itengeneze mafuta ya omega-3 ambayo kwa kawaida yanatoka kwenye samaki. Hamira hiyo ikatumika kulisha samoni waliofugwa Chile, ili kupunguza samaki wa baharini wanaokamuliwa mafuta kwa ajili ya kulisha samaki wengine. Sisi tunaogombania dagaa wa Ziwa Victoria, huyu anataka wa kula, yule wa kutengeneza chakula cha kuku, tunaelewa vizuri tatizo hilo.

USIJARIBU KUOTESHA NYUMBANI

Najua vijana wangu, ukisikia molasi na ndoo unaanza kupanga mradi. Acha kwanza, kwa sababu tatu.

1. Phaffia ni ya baridi. Inastawi kwenye nyuzi joto 20 hivi, na ikifika karibu 27 inagoma. Morogoro au Dar es Salaam ungehitaji tangi la kupoza usiku na mchana.

2. Zote zinahitaji hewa nyingi na usafi wa hali ya juu. Kwenye ndoo ya wazi, bakteria na hamira za porini zinawahi sukari kabla ya ile uliyoipanda.

3. Utando wa waridi siyo dalili kwamba umefanikiwa. Ule utelezi wa waridi unaouona kwenye vinyweshea vya kuku unaweza kuwa Rhodotorula ya porini, au bakteria mwingine kabisa. Rhodotorula inaweza kumletea maambukizi mtu mwenye kinga dhaifu. Ukiuona utelezi huo, sugua, osha kwa dawa ya kuua vijidudu, suuza, kausha. Usiulishe kuku.

RANGI YA KIINI: ANZA NA MSINGI WA NJANO

Sasa turudi bandani. Kwa nini viini vyako vimepauka? Mara nyingi ni kwa sababu tunalisha mahindi meupe na pumba, ambavyo karibu havina rangi. Kuku wa kienyeji anachuma majani huko nje, ndiyo maana kiini chake kinakolea. Wala rangi siyo kipimo cha lishe, lakini mteja ananunua kwa macho.

Kiini kizuri kinajengwa kwa rangi mbili. Kwanza msingi wa njano, halafu nyekundu kidogo juu yake ili kupata rangi ya dhahabu. Astazantini ni nyekundu. Ukiiweka kwenye chakula kisicho na njano kabisa, unapata kiini cha waridi ambacho mteja atakiogopa. Kwa hiyo hata ukiamua kununua hamira nyekundu, msingi unauhitaji vilevile. Na msingi huo unaupata shambani:

- Mahindi ya njano badala ya sehemu ya mahindi meupe. Yasikae ghalani muda mrefu, kwa sababu rangi inapungua kadiri yanavyokaa.
- Unga wa majani ya lusina, usizidi asilimia 5 ya chakula kwa sababu lusina ina sumu inayodhuru kuku ikizidi. Majani ya mlonge au lusenii nayo yanafaa.
- Mboga za majani mabichi kama mchicha na matembele, zinazoning'inizwa bandani kila siku.
- Pilipili nyekundu isiyo kali, ikikaushwa na kusagwa, inatoa ile nyekundu ya juu.

Karoti wengi wanaitegemea lakini haisaidii sana. Beta-karotini yake kuku anaigeuza kuwa vitamini A, na kidogo tu ndiyo inafika kwenye kiini.

Angalia na afya ya kuku. Kuku mwenye minyoo au koksidiosisi hafyonzi rangi vizuri hata ukimlisha dhahabu. Kausha majani kivulini, maana jua kali linaua rangi. Halafu vumilia, badiliko kamili linahitaji kama wiki mbili.

PIGA HESABU KABLA YA KUNUNUA

Tuchukue kuku 500. Kila mmoja anakula gramu 120 kwa siku, jumla kilo 60. Tani moja inatosha siku 16 na kidogo. Wakitaga kwa asilimia 80 ni mayai 400 kwa siku, yaani takribani mayai 6,670 kwa kila tani ya chakula.

Tuseme unataka gramu 10 za astazantini kwenye tani. Hamira yenye asilimia 0.4 ina gramu 4 kwa kilo, kwa hiyo unahitaji kilo 2.5. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, kilo inauzwa Sh 80,000. Hiyo ni Sh 200,000 kwa tani. Gawanya kwa mayai 6,670, unapata Sh 30 kwa yai, sawa na Sh 900 kwa trei.

Swali ni moja: mteja wako anaongeza zaidi ya Sh 900 kwa trei kwa sababu ya rangi? Kama unauzia hoteli inayolipia kiini kilichokolea, sawa, endelea. Kama unauza kwa jumla kwa dalali anayehesabu trei tu, hiyo ni hasara uliyoinunua mwenyewe. Weka bei halisi ya muuzaji wako kwenye hesabu hiyo kisha uamue.

Umeona pia kitu kingine hapo? Anayekwambia kijiko kimoja kinatosha tani nzima hauzi hamira hiyo. Anauza kitu kingine.

NA HICHO KITU KINGINE NDIYO HATARI

Mwaka 2006 nchini China yalikamatwa mayai ya bata yenye viini vyekundu vya kuvutia. Vipimo vikaonyesha wafugaji waliwalisha bata rangi ya viwandani aina ya Sudani, rangi ambayo hairuhusiwi kwenye chakula kwa sababu inahofiwa kusababisha saratani. Mayai yakaondolewa sokoni, na wafugaji wa eneo hilo wakapoteza imani ya wateja, hata wale ambao hawakuhusika. Rangi za namna hiyo ni za bei rahisi na kidogo tu inakoleza sana. Mtu akitaka kukudanganya, ndizo atakazokufungia kwenye mfuko usio na maandishi.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela muulize muuzaji:

1. Ni hamira aina gani? Jina kamili liwe kwenye mfuko.
2. Ina astazantini asilimia ngapi?
3. Imepasuliwa ukuta? Imeuawa, au iko hai?
4. Imesajiliwa hapa nchini kwa matumizi ya kuku wa mayai? Kuruhusiwa Marekani kwa samoni hakumaanishi imeruhusiwa kwa kuku wako.
5. Imetengenezwa lini, inaisha lini, na inatunzwaje? Rangi hii inaharibiwa na mwanga, joto na hewa.

Akishindwa hata moja, funga pochi. Akijibu yote, bado usinunulie banda zima. Tenga kuku 20, wape chakula chenye bidhaa hiyo kwa siku 14, wengine 20 wape chakula chako chenye majani na mahindi ya njano. Pasua mayai matano ya kila kundi kwenye sahani nyeupe, mwite mnunuzi wako aangalie bila kumwambia ni yapi. Akisema hajaona tofauti ya kulipia, umepata jibu kwa gharama ndogo.

Wiki ijayo tutajifunza kukausha na kusaga majani ya mlonge na lusina bila kupoteza rangi. Andaa turubai na kivuli.