MWAMBA NA MATOPE WAKATI WA TETEMEKO LA ARDHI

Tetemeko la ardhi haliwapimii watu wote kwa pishi moja. Watu wawili wakaao mbali sawasawa na chanzo chake, mmoja huona vikombe vikitikisika tu, na mwenzake huangukiwa na nyumba. Sababu kubwa iko chini ya miguu yao.

Mtikisiko hupita mbio katika mwamba mgumu. Ukiingia katika matope, mwendo wake hupungua na mawimbi yake huinuka, kama mawimbi ya bahari yafikapo kwenye maji machache. Tena mwamba wa kale usio na nyufa hupeleka mtikisiko mbali, lakini uliovunjikavunjika huumeza. Kwa hiyo tetemeko la Virginia, Marekani, la Agosti 23, 2011, lenye kipimo cha 5.8 tu, lilisikika hata Kanada.

Mfano wa kutisha ni mji wa Mexico, uliojengwa juu ya ziwa lililokauka. Tetemeko la Septemba 19, 1985, lilianzia pwani, zaidi ya kilometa 300 kutoka hapo. Hata hivyo maelfu ya watu walikufa mjini. Nyumba za vilimani, juu ya mwamba, zilipata hasara ndogo. Zilizoanguka zaidi ni zile za juu ya matope, hasa za ghorofa 6 hadi 15, kwa kuwa kuyumba kwao kulilingana na kuyumba kwa matope yenyewe.

Je, sisi wa Chewele na Garsen? Tetemeko kubwa la Kenya, la Subukia, Januari 6, 1928, lilitokea Bonde la Ufa, mbali nasi. Lakini lile la Agosti 12, 2020, lilianzia baharini karibu na Dar es Salaam, likasikika hata Mombasa. Nasi twakaa juu ya udongo ulioletwa na mafuriko ya Tana, na mwamba uko chini sana. Mchanga uliojaa maji, ukitikiswa kwa nguvu, hulegea kama uji, na nyumba huzama au kuinama.

Nyumba ya miti na udongo huyumba bila kuvunjika upesi. Ukuta mzito wa matofali hauyumbi, hupasuka. Basi anayejenga kwa matofali na achague mahali pa juu, pakavu, achimbe msingi mpaka kwenye udongo ulioshikamana, na kuzifunga kuta zote kwa ukanda mmoja wa zege wenye vyuma, chini ya paa.