Hofu Inayobisha Hodi: Mafunzo Niliyopata kwa Ira Levin

Waandishi wengi wa rika langu tuliingia kwenye riwaya za taharuki kupitia Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Adui anajulikana kuwa yupo. Kazi ni kumfikia kabla hajaua tena. Nawapenda hadi leo. Ila riwaya iliyobadilisha uandishi wangu ni Rosemary's Baby ya Mmarekani Ira Levin, iliyotoka mwaka 1967. Ndani yake kuna mke kijana aitwaye Rosemary, mume mwigizaji, fleti nzuri katika jengo kuukuu la New York, na majirani wazee, Minnie na Roman Castevet, ambao upendo wao umepitiliza.

1. Adui aje na bakuli mkononi

Minnie huleta kitindamlo cha chokoleti. Rosemary akishapata mimba, huleta kinywaji cha mitishamba kila siku. Kuna pia hirizi yenye harufu kali, kisha jina la daktari bingwa, Sapirstein. Kila kimoja ni wema ambao mtu mwenye adabu hawezi kuukataa, na njama nzima ya majirani hao wachawi inapita kwenye adabu hiyo. Nilipolitambua hilo niliacha kutafuta mashushushu wa kuwatia kwenye miswada yangu. Kwetu, kurudisha chakula cha jirani ni kumtukana. Mwandishi wa Kiswahili ana hazina kubwa hapo.

2. Msomaji asimtangulie mhusika

Levin habanduki kwa Rosemary. Mwigizaji aliyempiku mumewe anapofuka ghafla, mume anapewa nafasi, nasi tunaipokea habari kama Rosemary alivyoipokea: mkosi wa mmoja, neema ya mwingine. Hutch, rafiki mzee aliyeanza kuuliza maswali, anapoteza glavu moja akiwa kwao. Muda mfupi baadaye yuko hospitalini hana fahamu. Glavu hiyo inapita kama jambo dogo la nyumbani. Ukiirudia riwaya ndipo unaposhtuka kwamba kila kitu kilikuwa wazi mbele yako.

3. Ugunduzi usije kirahisi

Hutch anamwachia Rosemary kitabu cha wachawi na ujumbe kwamba jina limefumbwa. Rosemary anachukua herufi za mchezo wa Scrabble, anazipangua herufi za jina la kitabu, hapati kitu. Angeweza kuishia hapo. Kisha anajaribu jina la mtu aliyetajwa ndani, Steven Marcato, na linatoka Roman Castevet. Lile jaribio la kwanza lililoshindwa ndilo linalonifanya niliamini la pili.

4. Kalenda iwe ya kweli

Papa Paulo VI alizuru New York tarehe 4 Oktoba 1965, na ziara hiyo imo riwayani, usiku uleule mambo yanapoharibika. Jambo la ajabu lisiloaminika huaminika likikaa kando ya habari ambayo msomaji aliisoma gazetini.

5. Kutoaminiwa kunatisha kuliko uchawi

Hili ndilo lililonikaa zaidi. Rosemary ana maumivu yasiyokwisha, anakonda, na daktari anamwambia yatapita. Amekwisha kumkataza asisome vitabu wala kusikiliza rafiki zake. Kwenye sherehe, marafiki wa kike wanamfungia mumewe nje ya jikoni ili waongee naye, na huko ndiko anakosikia kwa mara ya kwanza kwamba maumivu ya namna hiyo ni onyo.

Baadaye anakimbilia kwa daktari mwingine, Hill, na kumweleza yote: majirani, mimea, majina, vifo. Daktari anamsikiliza kwa upole, anampumzisha, kisha anawaita walewale aliowakimbia. Tulipousoma ukurasa huo katika kundi letu la waandishi Dar es Salaam, tuligawanyika. Baadhi walisema Hill ni msaliti. Mkunga mmoja aliyekuwa nasi alisema hapana: Hill alifanya kile ambacho daktari mwangalifu angefanya, kwa kuwa maneno ya Rosemary yalisikika kama ya mgonjwa. Nakubaliana na mkunga. Ukweli uliomwagwa wote kwa pumzi moja, bila ushahidi, haupambanuki na wazimu, na Levin ameujenga mtego huo kwa kurasa nyingi kabla ya kuufyatua. Mimba yenyewe imekuwa sababu ya kutomsikiliza mwenye mimba. Wangapi tumewajua walioambiwa "ni kawaida tu" hadi ikawa si kawaida tena?

Mwisho wa riwaya sitauvujisha. Kama unaijua hadithi hii kwa filamu ya Roman Polanski ya 1968 pekee, kitafute kitabu. Na wewe unayeandika taharuki kwa Kiswahili, ondoa risasi kwenye sura zako tatu za kwanza, weka jirani mwema, na umwache mhusika wako aseme kweli mbele ya watu wasiomwamini.