Kuacha Chaki na Kuvaa Sare ya Polisi

Mwaka huu sisi wa Kidato cha Nne twaulizwa swali moja kila mahali, bwenini, darasani na hata nyumbani: "Ukimaliza utafanya kazi gani?" Nasi twajibu upesi, kana kwamba mtu akiisha kuchagua kazi amefungwa nayo mpaka uzeeni. Mambo sivyo yalivyo. Watu wengi huanza kazi moja wakaishia katika nyingine. Katika makala haya nataka kueleza habari ya mtu aliyeacha ualimu akaingia Jeshi la Polisi. Nitaonyesha mambo aliyoyachukua kutoka kazi yake ya kwanza, na jambo moja ambalo hakuwa na budi kuliacha. Mtu huyo ni dada yangu, na fundisho lenyewe nililipata kwake kwa aibu.

1. Hakuna aliyezaliwa polisi

Kwanza yafaa tujue ya kuwa polisi wote wa mwanzo walikuwa watu waliobadili kazi. Robert Peel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alianzisha polisi wa mji wa London mwaka 1829. Wakuu wao wa kwanza walikuwa wawili: Charles Rowan, aliyekuwa ofisa wa jeshi, na Richard Mayne, aliyekuwa mwanasheria. Askari walioanza kutembea njiani tarehe 29 Septemba mwaka ule walikuwa vibarua, mafundi na wanajeshi wa zamani. Wengi hawakuiweza kazi. Yule aliyeandikishwa namba 1 alifukuzwa siku ile ile ya kwanza kwa sababu ya ulevi! Hapo twaona ya kuwa kuvaa sare ni kazi ya dakika tano, bali kuwa polisi ni kazi ya miaka.

Hapa kwetu, Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa na Waingereza tarehe 25 Agosti 1919. Makao yake makuu yalikuwa Lushoto, na mwaka 1930 yakahamishiwa Dar es Salaam. Sisi wenyeji wa Lushoto huweza kujisifu kidogo kwa habari hiyo, ijapokuwa nyumbani kwetu, dada aliposema anataka kuwa polisi, hakuna aliyejisifu.

2. Sababu ya kuacha chaki

Dada yangu alifundisha Darasa la Tatu katika shule moja ya msingi ya binafsi kwa muda wa miaka miwili. Alikuwa na umri wa miaka 24. Katika darasa lake mlikuwa na mtoto mmoja aliyekuja kila wiki na alama mpya za kupigwa miguuni. Akiulizwa, husema ameanguka. Sasa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hata mimi, mwenye miaka 17 na ndevu mbili tatu, bado ni mtoto machoni pa sheria. Sheria hiyo humpa kila mwananchi wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mahali pake aonapo haki ya mtoto inavunjwa. Dada alitoa taarifa, na mwisho wake alimsindikiza mtoto yule mpaka kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Huko alimkuta askari wa kike. Askari yule hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kigoda akakaa chini, macho yake yakawa sawasawa na macho ya mtoto. Dada alituambia, "Mimi nimekaa na mtoto huyu miezi mitatu sikusikia neno. Yule askari alikaa naye saa moja, akasikia yote." Mtoto alipelekwa kukaa kwa shangazi yake. Tangu siku ile dada hakutulia.

Baba alipinga. Alisema, "Mwanangu, mwalimu akipita njiani watu humwamkia. Polisi akipita, watu hubadili njia. Waacha heshima wafuata woga?" Bibi naye aliposikia ya kuwa tangazo la mwaka ule lilitaka watu wasiooa wala kuolewa, alinung'unika, "Basi mjukuu wangu, nitakufa sijamwona mume wako." Mimi sikusema kitu, walakini moyoni nilikuwa na hofu yangu. Tranka langu, godoro langu, sabuni na nauli ya kuja shule, vyote alinunua dada kwa mshahara wake. Akienda mafunzoni, nani atanitazama? Naandika haya wazi, kwa sababu mtu abadilipo kazi si yeye peke yake anayebadilika. Wote waliokuwa wakila katika sahani ile huguswa.

3. Njia ya kuingia

Wenzangu wengi hudhani watu huingia polisi kwa kujuana. Nafasi hutangazwa na Jeshi lenyewe, na maombi siku hizi hupelekwa kwa mfumo wa intaneti. Matangazo hutaka mwombaji awe raia wa Tanzania, awe na vyeti vyake, asiwe na kumbukumbu ya makosa ya jinai, asiwe na michoro mwilini, na awe tayari kufanya kazi mahali popote nchini. Umri nao una mpaka, kwa hiyo atakaye kubadili kazi asikawie mno. Baada ya hapo kuna usaili na kupimwa afya. Atokeaye mtu akakuambia anauza nafasi, huyo ni tapeli, ukimbie.

Dada alifaulu, akateremka Mombo akapanda basi la kwenda Moshi, kwenye Shule ya Polisi Tanzania, mahali ambapo watu wengi hupaita depo. Huko walifundishwa kwata, shabaha, huduma ya kwanza, sheria, na namna ya kuandika maelezo. Miongoni mwa makuruta wenzake walikuwamo seremala, muuza duka na mkulima wa vitunguu. Wote walianza chini kabisa. Aliyekuwa akisimamiwa na watoto arobaini kila asubuhi, sasa akawa wa kumpigia saluti kila mtu. Maana vyeo vya polisi hupandwa kama ngazi: konstebo, koplo, sajenti, stesheni sajenti, sajini meja, kisha wakaguzi, warakibu na makamishna, mpaka Inspekta Jenerali aliye juu ya wote.

Tena kuna uhuru mmoja aliouacha nje ya lango. Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 147, humkataza polisi kujiunga na chama cha siasa, ijapokuwa haki yake ya kupiga kura anabaki nayo.

4. Aliyoyachukua kutoka ualimu

Kazi ya kwanza haikupotea bure. Dada husema alichukua mambo matatu. La kwanza ni kuandika kwa maneno yaliyo wazi. Mtu akiibiwa hufika kituoni kutoa taarifa, akapewa namba ambayo wote twaiita RB. Mtu akijeruhiwa hupewa fomu ya PF3 aende nayo hospitali. Kisha maelezo ya mashahidi huandikwa. Karatasi hizo zaweza kufika mbele ya hakimu, na neno moja lililoandikwa vibaya laweza kumponza asiye na kosa au kumwokoa mwenye kosa. La pili ni subira ya kumsikiliza mtu asiyejua kujieleza, awe mtoto, mzee au mlevi. La tatu ni kusimama mbele ya watu wengi wenye kelele bila yeye mwenyewe kupiga kelele.

5. Aliloliacha

Sasa nafikia jambo lililonifanya nishike kalamu. Likizo ya Desemba, nilipomaliza Kidato cha Tatu, dada alikuwa nyumbani kwa mapumziko yake ya kwanza. Nilikuwa na shilingi 40,000, yaani nauli yangu na fedha za madaftari, katika mfuko wa koti. Rafiki yangu mmoja wa jirani alilala kwetu usiku mmoja. Asubuhi fedha hazikuwapo. Nilimwendea dada mbio nikamwambia, "Dada, wewe sasa ni polisi. Mkamate umweke ndani siku mbili tu, atazitoa mwenyewe."

Dada hakukasirika. Alinipa kalamu na daftari akasema, "Mdogo wangu, andika upande huu yale uliyoyaona kwa macho yako, na upande wa pili yale unayoyadhani." Upande wa kudhani ulijaa ukurasa mzima: rafiki yangu alitaka viatu vipya, alitoka mapema, hakunitazama usoni. Upande wa kuona ulikuwa na mistari miwili: niliweka fedha katika mfuko jioni, asubuhi sikuzikuta.

Ndipo aliponiambia maneno haya: "Nilipokuwa mwalimu, mtu akichora ukutani na wote wakinyamaza, nililiadhibu darasa zima. Moshi nilifundishwa kuiacha tabia hiyo. Mwalimu ana adhabu. Mzazi ana adhabu. Polisi hana adhabu hata moja. Kazi yake ni kukamata kwa sababu iliyo halali, kuuliza, kuandika na kupeleka. Mwenye adhabu ni mahakama."

Nilipotaka kubisha, akanieleza sheria yenyewe. Ibara ya 13 ya Katiba yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika kuwa analo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai yasema ya kuwa mtu aliyekamatwa bila hati, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani katika saa 24, mkuu wa kituo hana budi kulitazama shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Sheria hiyo hiyo yaagiza mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa kutunza heshima yake. "Hayo yote," akasema, "yamewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe, aliyeudhika, anayetaka kumtumia polisi kama fimbo yake."

Niliona uchungu. Nilitoka nikawaambia vijana wawili ya kuwa rafiki yangu ni mwizi na dada yangu anamwogopa. Siku ya tatu mama alipokuwa akifua lile koti alisikia kitu kigumu ndani ya bitana. Mfuko ulikuwa umetoboka, na noti nne za shilingi elfu kumi zilikuwa zimeteremka mpaka kwenye upindo.

Nilikwenda kuomba radhi. Rafiki yangu alinisikiliza, akasema yamekwisha. Walakini mpaka leo hajalala tena nyumbani kwetu. Kama dada angenisikiliza, yule kijana angelala mahabusu siku mbili kwa ajili ya tundu la mfuko, na mimi ningeziokota fedha zangu katika bitana bila kuwa na mahali pa kuuficha uso.

6. Mwisho

Dada sasa anafanya kazi katika mkoa mwingine. Sabuni na nauli vimeanza kuja tena, ingawa katika miezi ya mafunzo nilifua kwa sabuni ya kuazima. Baba hakubadilika kwa siku moja. Lakini likizo ile ile, usiku, mama mmoja jirani aligonga mlango polepole akamwomba dada watoke nje wazungumze. Walikaa kitako nyuma ya jiko muda mrefu. Asubuhi baba hakuuliza yaliyosemwa. Alisema tu, "Kumbe wapo pia wanaoifuata njia yake." Bibi bado anamngoja mume.

Basi, ndugu zangu, atakaye kuacha kazi moja ashike ya polisi na ajiulize kwanza: je, naifuata kwa sababu nataka kusikiliza watu, au kwa sababu nataka kuogopwa? Wa kwanza na aende, atapata kazi ya kumtosha. Wa pili na abaki alipo, maana akiingia atawaumiza watu, kisha ataumia yeye. Na sisi ambao hatutakuwa polisi tujifunze kuligawa daftari pande mbili, tuliyoyaona na tunayoyadhani, kabla ya kulitaja jina la mtu.

Maswali ya kujipima

1. Taja kazi za zamani za wakuu wawili wa kwanza wa polisi wa London.
2. Polisi wa Tanzania huzuiwa nini na Ibara ya 147 ya Katiba, na huachiwa haki gani?
3. Eleza kwa maneno yako maana ya kusema "Polisi hana adhabu."
4. Kumbuka siku uliyomdhania mtu vibaya. Andika uliyoyaona upande mmoja, na uliyoyadhani upande wa pili. Upande gani ulikuwa mrefu?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne